Protini ya L1CAM imezidi uzito ulioandikwa kwenye karatasi yake: je, tumeuziwa kitu kingine?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili, na maabara yetu imeagiza kutoka nje protini ya L1CAM ya binadamu (ile inayokaa juu ya niuroni, yaani seli za neva, na kuzishikanisha), ile ya rekombinanti, yaani iliyotengenezwa kwa jeni iliyopandikizwa, ndani ya seli za binadamu za HEK293 zinazokuzwa maabara, mikrogramu 50. Karatasi yake inasema uzito uliokokotolewa ni kama kDa (kilodaltoni) 123, lakini nilipoipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa uzito ilisimama kati ya alama ya 150 na 200, tena ukanda wenyewe mpana, una ukungu. Msimamizi wangu anadhani tumeuziwa kitu kingine. Kuna nyingine iliyotengenezwa ndani ya bakteria, bei nusu, na picha yake inaonyesha ukanda mmoja mwembamba kwenye kDa 40, sawasawa na karatasi. Je, turudishe hii tuchukue ile? Tunataka kuona kama niuroni za panya zitaotesha nyuzi juu yake. Na jambo la pembeni: dada yangu ana mtoto wa kiume mwenye kichwa maji, na nimesoma kwamba jeni ya protini hii inahusika. Je, protini kama hii inaweza kumsaidia?

Jibu: Marahaba. Msiirudishe. Kwa maelezo yako, kichupa mlicho nacho kina dalili zote za L1CAM iliyotengenezwa vizuri, na hicho cha bei nusu ndicho kingenitia wasiwasi kwa kazi mnayotaka kuifanya. Nitaanza na jeli, kwa sababu ndiyo iliyomshtua msimamizi wako, halafu tutafika kwa mtoto wa dada yako.

L1CAM nzima ya binadamu ina asidi amino 1,257. Zile 19 za mwanzo ni ishara ya kuipeleka protini nje ya seli, nazo hukatwa njiani. Zinazofuata, kama 1,100 hivi, ndizo zinazokaa nje: vikunjo sita vya aina ya imunoglobulini, vikifuatiwa na vitano vinavyofanana na vile vya fibronektini. Kisha kuna kipande kifupi kinachopenya utando, na mkia wa asidi amino 114 uliomo ndani ya seli. Watengenezaji hukata jeni kabla tu ya kufika kwenye utando, ili seli ya HEK293 iimwage protini kwenye majimaji inamokuzwa, ambako ni rahisi kuivuna. Kwa hiyo humo kichupani hamna L1CAM nzima. Mna sehemu yake ya nje peke yake, na mwishoni imefungwa kialama cha kuinasia. Kwa wastani asidi amino moja ina uzito wa daltoni 110. Zidisha kwa 1,100 unapata kDa 121, na ukikokotoa kwa mfuatano halisi pamoja na kialama unafika kwenye 123 yenu. Hesabu hiyo pia inaniambia kwamba kialama chenu ni cha histidini, kile kidogo. Ingekuwa kipande cha Fc cha kingamwili, karatasi ingesoma karibu 150.

Sasa, hesabu hiyo haijui sukari. Seli za mamalia hupachika minyororo ya sukari kwenye asidi amino iitwayo asparajini, pale inapofuatwa na mpangilio fulani wa jirani zake, na sehemu ya nje ya L1CAM ya binadamu ina mahali kama 20 pa namna hiyo. Kila mnyororo una uzito wa kDa 2 hadi 3. Hata kama si kila mahali pamejazwa, umeongeza 40 au 50 juu ya 123. Zaidi ya hapo, sukari haishiki SDS, ile sabuni ya jeli inayozipa protini chaji, kama protini inavyoishika, hivyo molekuli iliyojaa sukari hujivuta kwenye jeli na kuonekana nzito kuliko ilivyo. Na ule ukungu unatokana na jambo hilohilo: molekuli mbili zilizotoka kwenye seli moja hazibebi sukari sawa, kila moja inasimama mahali pake, na macho yako yanaona mpako mmoja mpana. Hata L1CAM nzima iliyotolewa kwenye ubongo hufahamika kwa ukanda wake wa kDa 200 na ushee, wakati asidi amino zake peke yake hazizidi 140. Kama mngeniletea jeli ya L1CAM ya HEK293 yenye ukanda mwembamba uliosimama pale pale 123, hapo ndipo ningeuliza maswali.

Lakini msimamizi ana haki ya kutaka ushahidi kuliko maneno yangu, na ushahidi huo ni rahisi. Kuna kimeng'enya kiitwacho PNGase F kinachokata minyororo hiyo ya sukari. Chukua nusu mikrogramu ya protini, ichemshe dakika 10 pamoja na SDS na DTT (inayovunja madaraja ya salfa), iache ipoe, ongeza NP-40 (sabuni laini; bila hiyo SDS itakiua kimeng'enya), kisha tia PNGase F na uiweke kwenye nyuzi 37 kwa saa moja au mbili. Andaa sampuli ya pili iliyopitia yote hayo isipokuwa kimeng'enya. Zipitishe bega kwa bega. Ukanda ukishuka kuelekea 123 na kubana, kesi imekwisha. Usishtuke ukiona ukanda mpya kwenye 36: hicho ni kimeng'enya chenyewe. Tumia rangi ya fedha badala ya ile ya bluu ya Coomassie ili usile protini nyingi. Mna mikrogramu 50 tu na mmeshatumia kiasi.

Mkitaka kuthibitisha kwa kingamwili pia, angalieni inashika wapi. Kingamwili ziitwazo 5G3 na UJ127 hushika sehemu ya nje, kwa hiyo zitaiona protini yenu. 2C2 hushika mkia wa ndani ya seli, mkia ambao ninyi hamnao. Ukiitumia utapata karatasi nyeupe, na msimamizi atasema mmeibiwa kwa uhakika zaidi.

Kitu kimoja cha kukichunguza kwenye jeli yenu ya kwanza: je, chini ya mpako ule kuna ukanda mwingine karibu na 140? L1CAM ina mahali dhaifu kwenye kikunjo cha tatu cha fibronektini, ambapo plasmini, tripsini na vimeng'enya vya jamii hiyo huikata, na kipande cha mbele kinachobaki husimama hapo. Ukanda hafifu ni wa kawaida. Ukiwa mzito sawa na ule wa juu, basi protini imeharibika, ama kiwandani ama njiani, na hapo ndipo pa kumwandikia muuzaji.

Nije kwenye ile ya bakteria. Picha yake ni safi kwa sababu E. coli haipachiki sukari ya namna hii hata kidogo, kwa hiyo molekuli zote zina uzito mmoja. Usafi huo hausemi lolote kuhusu kama protini inafanya kazi. Tena angalia ile 40: kDa 40 ni asidi amino 360 hivi, yaani theluthi ya sehemu ya nje. Hicho ni kipande. Soma kwenye karatasi yake kinaanzia namba ngapi na kuishia ngapi. Kazi ya L1CAM ya kushikana na L1CAM ya seli ya pili inategemea vikunjo vinne vya kwanza vya imunoglobulini, ambavyo hujipinda kama kiatu cha farasi. Kikunjo cha sita nacho kina asidi amino tatu, RGD, zinazoshikwa na integrini, vipokezi vya kushikia vilivyo juu ya seli. Kipande kilichokatwa kutoka kwenye vikunjo vya fibronektini kitauzwa kwa jina lilelile la L1CAM, na karatasi haitakuwa imedanganya, ila niuroni zenu hazitakuwa na cha kushika katika sehemu mnazozitafuta.

Hata kama kipande hicho kinatoka mahali penyewe, kuna tatizo la kukunjwa. Kila kikunjo cha imunoglobulini hushikiliwa na daraja la salfa kati ya sisteini mbili, na mazingira ya ndani ya E. coli hayaruhusu madaraja hayo kujengeka vizuri. Mara nyingi protini hujirundika ndani ya bakteria kama uvimbe usioyeyuka, mtengenezaji huuyeyusha kwa urea, halafu hujaribu kuikunja upya. Wapo wanaofanikiwa. Jeli ya SDS haiwezi kukuonyesha nani amefanikiwa, kwa sababu SDS yenyewe huikunjua protini yote kabla haijaanza kutembea. Ongeza na endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria. Ukikuza niuroni kutoka kwenye ubongo wa panya, hutakosa mikroglia (seli za kinga za ubongo) kadhaa ndani yake, na mikroglia huamshwa na kiasi kidogo sana cha endotoksini. Wakianza kumwaga saitokaini zao, kemikali za kuamsha uvimbe, hutajua tena nyuzi zimerefuka au zimenyauka kwa sababu gani. Kwa kazi yenu tafuteni karatasi inayosema endotoksini iko chini ya EU 1 (EU ni kizio cha kupimia endotoksini) kwa mikrogramu, na ikiwa chini ya 0.1 ni bora zaidi.

Sisemi ya bakteria ni takataka. Kwa kuchanja sungura ili kupata kingamwili, au kama alama ya kulinganishia kwenye Western (kipimo cha kutambua protini kwa kingamwili), inafaa na itawaokolea pesa.

Kuna swali jingine ambalo wauzaji wachache hulijibu bila kuulizwa. Jeni ya L1CAM husomwa kwa namna zaidi ya moja. Niuroni huingiza eksoni ya 2 (eksoni ni kipande cha jeni kinachosomwa kuwa protini), ambayo huongeza asidi amino chache karibu kabisa na mwanzo wa protini. Seli nyingi zisizo za neva huiruka. Asidi amino hizo chache zina umuhimu wake: zikikosekana, L1CAM haishikani na mwenzake kwa nguvu ileile na nyuzi hazirefuki vilevile. Kwa kuwa protini yenu imetengenezwa kwa jeni iliyopandikizwa, aina ya seli iliyoitengeneza si hoja hapa. Kinachohesabika ni nakala gani ya jeni iliyotumika. Mwandikieni muuzaji awape mfuatano kamili, mtafute herufi YEGHH (kila herufi ni asidi amino moja) karibu na mwanzo. Zikiwepo, mna aina ya niuroni.

Na kuhusu binadamu dhidi ya panya, usihofu. Mfuatano wa L1CAM wa viumbe hawa wawili unafanana kwa zaidi ya asilimia 85, na L1CAM ya binadamu imetumika miaka mingi chini ya niuroni za panya. Ukisoma makala za zamani utakuta majina mengine: Fritz Rathjen na Melitta Schachner wa Heidelberg waliieleza kwa jina la L1 mwaka 1984, waliofanya kazi na kuku wakaiita NgCAM, na waliokuwa na seli za PC12 za panya walikuwa wakiiita NILE. Kwenye makala za damu na saratani utaiona kama CD171.

Sasa jaribio lenyewe, maana hapa ndipo watu hupotezea mikrogramu zao. Kwanza soma kama kichupa kina albumini ya ng'ombe iliyoongezwa kama mlinzi. Ikiwa ipo, mara nyingi ni mara 50 ya protini yenyewe, na ukiimwaga kwenye sahani ya plastiki, albumini ndiyo itakayojaza plastiki. Kwa kupaka sahani unahitaji isiyo na mlinzi. Jeli yako imeshakujibu: kama hukuona ukanda mkubwa kwenye 66, hamna albumini.

Halafu piga hesabu kabla ya kupaka. Visima 50 vya sahani ya visima 96, kila kimoja mikrolita 100 za mikrogramu 5 kwa mililita, ni mikrogramu 25. Ukienda kwenye 10 kwa mililita, kichupa kizima kimekwisha kwa sahani moja, bila ya kurudia. Ndiyo maana napenda mbinu ya Carl Lagenaur na Vance Lemmon ya mwaka 1987, waliotumia nitroselulosi: unayeyusha kipande kidogo kwenye methanoli, unapaka dishi na kuacha ikauke kabisa, kisha unaweka matone ya mikrolita chache ya protini. Nitroselulosi hunasa protini kuliko plastiki tupu, na kwenye dishi moja unaweza kuweka tone la L1CAM, tone la laminini (protini nyingine inayooteshea nyuzi) na tone la albumini, niuroni zilezile zikachagua mbele ya macho yako.

Mkishapaka, acheni usiku kucha kwenye nyuzi 4, ndani ya boksi lenye unyevu, kisha zibeni nafasi zilizobaki kwa albumini ya asilimia 1. Msiache ikauke hata dakika. Na msipake poli-lisini chini yake kwa mazoea. Poli-lisini hushika kila seli kwa chaji ya umeme tu, na juu yake niuroni zitakaa ziwe na L1CAM au zisiwe nayo. Mtapata matokeo mazuri yasiyo na maana. Kisima cha poli-lisini kiwepo, lakini peke yake, cha kuonyesha kwamba niuroni zenu zilikuwa hai siku hiyo. Kisima cha albumini tupu kiwepo pia, na kingine cha L1CAM iliyochemshwa. Hicho cha mwisho ndicho ningekiangalia kwanza, kwa sababu kinakuambia kama ni umbo la protini linalofanya kazi au uchafu ulioambatana nayo. Kama siku moja mtanunua aina ya Fc, basi Fc tupu itakuwa lazima. Ina faida yake: hujifunga mbilimbili, na Patrick Doherty na Frank Walsh walionyesha mwaka 1995 kwamba L1-Fc iliyoyeyuka tu kwenye majimaji inatosha kurefusha nyuzi, bila kupakwa popote.

Pimeni kwenye saa 20 hadi 24. Mkisubiri siku tatu niuroni zitakuwa zimejitengenezea njia zao na tofauti itafifia.

Angalizo dogo ambalo limeharibu kazi za watu: L1CAM haipendi ethanoli. Kundi la Michael Charness lilionyesha mwaka 1996 kwamba ethanoli huzuia seli zenye L1CAM ya binadamu kushikana, na kiasi chenyewe kilikuwa cha chini sana, milimola chache, chini ya kile kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyekunywa hadi kukatazwa kuendesha gari. Mkiwa na dawa iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, kisima cha ethanoli peke yake si hiari.

Kuhifadhi, kwa kichupa kipya mtakachofungua: kizungushe sekunde chache kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua, maana protini huja kama unga mkavu ambao hauonekani na huweza kuwa umekaa kwenye kifuniko. Yeyusha kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) safi isiyo na vijidudu, mikrogramu 100 hadi 200 kwa mililita, bila kutikisa kwa nguvu, iache robo saa. Gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja na uweke kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama friza yenu ni ile ya nyumbani inayojiyeyushia barafu yenyewe, msiweke humo: kila inapojiyeyusha protini yenu inapata joto kidogo na kuganda tena, hata umeme usipokatika. Kwenye maabara zisizo na jenereta ya uhakika, ningeyeyusha kichupa wiki ya jaribio lenyewe na kukiacha unga hadi hapo. Unga huvumilia kukatika kwa umeme kuliko protini iliyoyeyushwa.

Nimebakiza mtoto wa dada yako. Hapana, protini hii haiwezi kumsaidia, na isimguse. Imetengenezwa kwa utafiti tu, haikupitia usafishaji wala majaribio ya dawa, na hata ingekuwa safi, mtoto ambaye L1CAM yake ina hitilafu aliikosa wakati ubongo ulipokuwa ukijengwa tumboni. Kinachomsaidia sasa ni daktari wa upasuaji wa ubongo, kwa mpira wa kupitishia maji au kwa kutoboa njia mpya kwa kamera, na kuchelewa kunadhuru.

Pia usidhani moja kwa moja kwamba chanzo ni jeni hii. Katika sehemu yetu ya dunia kichwa maji cha watoto wachanga mara nyingi hutokana na maambukizi: Dkt. Benjamin Warf, akiwa hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda, aliripoti mwaka 2005 kwamba karibu asilimia 60 ya watoto aliowatibu walikipata baada ya maambukizi ya ubongo. Wengine huzaliwa na mgongo wazi. Kichwa maji cha L1CAM hukadiriwa kutokea mara moja katika wavulana 30,000 hivi wanaozaliwa.

Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, na uhusiano wake na kichwa maji ulithibitishwa mwaka 1992. Mama hubeba hitilafu bila kuumwa, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Daktari ataitilia shaka kama mtoto alizaliwa na kichwa kikubwa, si kwamba kilikua baada ya homa au degedege, kama vidole gumba vimekunjika kuelekea kiganjani, na kama miguu inakakamaa. Lakini ushahidi mzito zaidi uko upande wa wajomba. Muulize mama yenu, kwa upole na faraghani, kama yeye au dada zake waliwahi kupoteza watoto wa kiume wachanga wenye kichwa kikubwa, au kama kaka zake mwenyewe walikuwa na shida hiyo. Jibu likiwa ndiyo, dada yako amwambie daktari kabla ya mimba nyingine, ili jeni yake ipimwe.